Mkono wa Dirisha Unapogoma au Kukatika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Mwingine

Mkono wa dirisha mara nyingi huadhibiwa kwa makosa ya wenzake. Bawaba zikichakaa na dirisha likashuka, mtu huongeza nguvu kwenye mkono. Rangi ikigandisha dirisha kwenye fremu, nguvu huongezwa palepale. Mchanga ukijaa kwenye reli, ni vivyo hivyo. Siku mkono unapokatika, mwenye nyumba hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi, anafunga mwingine, na huo mpya nao hukatika kwa sababu kilichoua ule wa kwanza bado kipo. Kwa hiyo maelezo haya yanaanzia kwenye dalili, yanarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na ununuzi unakuja mwishoni.

Inafaa kwanza kutambua aina ya dirisha, kwa kuwa dalili ileile huwa na chanzo tofauti kwa kila aina. Nyumba nyingi za zamani za Afrika Mashariki zina madirisha ya chuma yanayofunguka kwa nje, ambayo mkono wake una ulimi unaopita juu ya kipokezi kilichoko kwenye fremu, pamoja na stei, yaani ule mkono mrefu wenye matundu unaozuia dirisha lisipigwe na upepo. Nyumba za miaka ya karibuni zina zaidi madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, yenye loki ya umbo la hilali au ya kubonyeza. Yapo pia madirisha ya aluminiamu au ya plastiki ngumu yanayofunguka kwa bawaba, ambayo mkono wake huzungusha pini ya mraba na kusogeza vyuma vya kufungia vilivyofichwa ndani. Na yapo ya luva, yenye vipande vya vioo vinavyoinuliwa na kushushwa kwa mkono mmoja wa pembeni. Katika maelezo haya, sehemu ya dirisha inayofunguka itaitwa bawa.

Kazi yenyewe ianze asubuhi, ili ikitokea kifaa hakipatikani dukani usilale na dirisha lisilofungika. Dirisha la ghorofani linalofunguka kwa nje na lisilo na nondo lifanyiwe kazi kutoka ndani tu, bawa likiwa limefungwa kwa kamba imara kwenye kitu kisichosogea. Kioo chenye ufa kibandikwe gundi ya utepe pande zote mbili kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Jaribio la kuanzia

Fungua dirisha, liache wazi, kisha zungusha mkono mara kadhaa. Ukizunguka kwa wepesi dirisha likiwa wazi, lakini ukawa mgumu dirisha linapofungwa, mkono hauna kosa. Bawa na fremu ndivyo visivyokutana mahali vinapopaswa kukutana. Ukiwa mgumu hata dirisha likiwa wazi, kosa limo ndani ya mkono wenyewe au katika mtambo, yaani vile vyuma vya kufungia vinavyosogezwa nao. Ukizunguka bure katika hali zote mbili, kiungo kati ya mkono na mtambo kimekatika au kimeteleza.

Madirisha yanayoweza pia kuinamia ndani kwa juu, ambayo ni ya kawaida katika nyumba za Ulaya na hupatikana katika baadhi ya majengo mapya ya huku kwetu, yanahitaji tahadhari katika jaribio hili. Mengi yake yana kipande kidogo ukingoni mwa bawa kinachozuia mkono usizunguke dirisha likiwa wazi, nacho hubonyezwa kwa kidole ili mkono uachiwe. Anayelazimisha mkono bila kukibonyeza anaweza kuvunja mtambo, au akajikuta na bawa linaloning'inia kwenye kona moja ya chini. Likifikia hali hiyo, lisimamishwe wima na watu wawili, lisukumwe lishikane na fremu kwa juu, ndipo mkono urudishwe mahali pa kufungia.

Mkono mgumu wakati wa kufunga tu

Hii ndiyo dalili inayozaa mikono mingi iliyokatika, na kwenye madirisha ya chuma chanzo chake cha kwanza ni rangi. Dirisha lililopakwa rangi mara nyingi bila kukwanguliwa hujenga ukoko ndani ya mfereji ambamo bawa hukaa, na nafasi iliyoachwa na mtengenezaji ikaisha. Alama zake huonekana kwa macho: mahali panapobana rangi huwa imesuguliwa ikang'aa, au imebanduka kwa vipande. Tiba ni kukwangua ukingo wa bawa na mfereji wa fremu hadi kwenye chuma, kusugua kwa msasa, kupaka rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya juu kwa tabaka jembamba, na kuliacha dirisha wazi mpaka rangi ikauke kabisa. Dirisha lililofungwa rangi ikiwa bado mbichi litagoma tena.

Chanzo cha pili ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo kona ya chini ya fremu, ambako maji ya mvua hutuama, huvimba na kulisukuma bawa. Kona iliyovimba kidogo hukwanguliwa na kutibiwa, lakini iliyoachana matabaka kama chapati inahitaji kukatwa na kuchomelewa kipande kipya, na mkono wowote utakaonunua kabla ya hapo ni hasara.

Chanzo cha tatu ni bawaba. Fungua dirisha nusu, shika bawa upande wa mkono na ujaribu kuliinua. Likicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika. Ukilifunga, utaona pia kwamba upenyo wa juu kwenye upande wa mkono ni mpana na wa chini umebana. Kwa bawaba za kuchomoa, washa nyembamba ya shaba, yaani kipete bapa, kwenye pini huweza kulirudisha bawa juu. Zisizochomoka ni kazi ya mchomeleaji. Kwenye aluminiamu, bawa hubebwa na mikono miwili ya chuma inayoteleza, mmoja juu na mmoja chini, na mara nyingi tatizo huwa ni skrubu zilizolegea au uchafu kwenye njia za kuteleza. Zisafishe kwa brashi kavu na uzikaze skrubu zote kabla ya kuamua kuwa bawaba zimekufa.

Kama bado hujui ulimi unagonga wapi, paka chaki ya rangi au rangi ya mdomo kwenye ulimi, funga kwa upole, kisha fungua. Doa litakaloachwa kwenye kipokezi litakuonyesha kama ulimi unapita juu mno, chini mno, au unagonga ukingo badala ya kupanda juu yake. Kwa kuwa kipokezi cha skrubu husogezwa kirahisi kuliko bawa zima, hili lifanywe kabla ya kutafuta fundi.

Mkono umefunga, lakini dirisha linacheza na mvua inapenya

Hapa mkono unazunguka hadi mwisho bila kubana kitu. Kwenye dirisha la chuma, ulimi na kipokezi vimesuguana mpaka vimelika, na nafasi ya milimita chache inatosha kupitisha mvua ya upepo na kulifanya bawa ligonge usiku kucha. Ukiwa na bahati, kipokezi pekee kitatosha: kifungue, weka bati jembamba chini yake, ukirudishe kikiwa juu zaidi. Ulimi ukiwa ndio uliolika, badilisha mkono, na hapo zingatia kimo cha ulimi, yaani umbali kutoka kitako cha mkono hadi upande wa chini wa ulimi. Mikono inayofanana kwa sura hutofautiana kwa kimo hiki. Ulimi ulio juu mno haubani, na ulio chini mno haupandi juu ya kipokezi.

Kwenye aluminiamu na plastiki, angalia mpira wa kuzuia maji kabla ya kuulaumu mkono. Mpira ulioungua kwa jua hukakamaa na kujikunja kwenye kona, bawa likakosa kitu cha kuegemea. Usiupake mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, kwa maana mafuta hayo huuvimbisha na kuulainisha mpira hadi ukaharibika; tumia grisi ya silikoni.

Mkono unazunguka bure

Dalili hii ni ya mikono yenye pini ya mraba. Anza na jambo dogo: mikono mingi ina skrubu ndogo isiyo na kichwa, iliyofichwa ubavuni au chini ya kifuniko cha plastiki, nayo hukazwa kwa spana ya umbo la L. Ikilegea, mkono huteleza juu ya pini. Ikiwa imekazwa na tatizo liko palepale, zungusha kifuniko cha kitako robo mzunguko ili vichwa vya skrubu mbili za kufungia vionekane, zifungue na uvute mkono utoke.

Sasa tazama pini. Kona zake zikiwa zimeviringika, imelika mahali inaposhikana na mkono au na mtambo. Ikiwa ni nzima, ichomeke tena kwenye tundu la bawa na uizungushe kwa plaizi, dirisha likiwa wazi. Vyuma vya ukingoni vikisogea, mtambo ni mzima na ni mkono tu wa kubadilishwa; visiposogea ilhali pini inashika, mtambo wa ndani ndio uliovunjika, na mkono mpya hautasaidia kitu.

Vipimo vya mikono hii, kwa bahati nzuri, vimezoeleka: pini nyingi zina upana wa milimita 7, na matundu mawili ya skrubu huachana kwa milimita 43 kutoka katikati hadi katikati. Kinachotofautiana ni urefu wa pini, unaopimwa kutoka kitako hadi ncha. Pini fupi mno hushika mtambo kwa ncha tu, hufanya kazi kwa wiki chache, kisha huteleza na kuviringisha tundu. Pini ndefu mno huzuia kitako kisikae sawa juu ya bawa, na anayekaza skrubu ili kukivuta kwa nguvu huishia kupasua kitako au kukwamisha mtambo. Ndefu hukatwa kwa msumeno wa chuma na kulainishwa kwa tupa. Fupi hurudishwa dukani.

Mkono umekatika

Kabla ya kutupa kipande kilichokatika, kiangalie pale kilipovunjikia. Mikono mingi ya bei nafuu ni ya aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, nayo haipindi, hukatika ghafla. Sehemu yote iliyovunjika ikiwa na rangi moja, safi na yenye chembechembe, mkono ulikatwa na nguvu ya mara moja, na utafute kinachobana kwa mujibu wa maelezo yaliyotangulia. Nusu ikiwa nyeusi au imefifia na nusu ikiwa mpya, ufa ulikuwepo muda mrefu na siku ile ulimalizia tu. Ukikuta unga mweupe ndani, chumvi na unyevu vimekula aloi yenyewe, na dawa ni kununua mkono wa madini mengine.

Kuondoa mabaki ndiko kunakochosha. Skrubu zenye kutu zipakwe mafuta ya kupenyeza jioni na kuachwa hadi asubuhi, zigongwe taratibu kichwani kwa nyundo ndogo, kisha zijaribiwe kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa kichwa. Ukihisi bisibisi inaanza kuteleza, acha mara moja, kwa sababu kila mtelezo unakula kichwa. Kichwa kikishalika, tumia drili yenye keekee pana kidogo kuliko shina la skrubu, ukate kichwa peke yake; mkono utatoka, na shina litakalobaki hushikwa kwa plaizi na kuzungushwa.

Kwenye madirisha ya chuma ya mafundi wa mtaani, mkono mara nyingi umechomelewa moja kwa moja. Hapa tahadhari kubwa ni kioo. Cheche za mashine ya kukatia hugandamana na kioo na kuacha vidoti ambavyo havitoki kwa kusugua, na moto wa kuchomelea unaweza kukipasua kioo kilicho karibu. Kifunike kwa ubao au kipande cha bati, au bora zaidi kiondolewe kabla. Mimi hupendelea kuachana na kuchomelea kabisa: mkono mpya wenye kitako cha bapa ufungwe kwa skrubu za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, kwa kutoboa matundu ya milimita 4.2 na kuyakata nyuzi kwa tapu, iwapo chuma cha bawa ni kinene vya kutosha kushika nyuzi. Siku nyingine utakapobadilisha hutahitaji umeme wala mchomeleaji.

Skrubu hazishiki tena

Kwenye mbao, jaza tundu kwa kijiti cha mbao kilichopakwa gundi, subiri ikauke, kisha toboa upya. Kwenye aluminiamu ukuta wa bawa ni mwembamba na nyuzi zake hulika upesi. Skrubu nene kidogo hutosha mara moja tu, na baada ya hapo njia ya kudumu ni nati ya kuriveti, inayobanwa ndani ya tundu na kuipa skrubu nyuzi mpya za chuma. Mafundi wa aluminiamu wanayo mashine yake ndogo ya mkono.

Loki ya dirisha la kusukuma haifiki

Loki ya hilali ikigoma kushika ndoano yake, usiipige nyundo. Tazama kwanza kama mabawa mawili yamesimama sambamba. Bawa hubebwa na magurudumu madogo ya chini, na yakilika au yakijaa mchanga, bawa hushuka upande mmoja na loki ikawa chini ya ndoano. Safisha reli kwa brashi na kitambaa chenye maji, zibua matundu ya kutolea maji yaliyo kwenye fremu ya chini, kisha tafuta skrubu ya kurekebisha gurudumu, ambayo kwa kawaida iko kwenye ubavu wa bawa karibu na chini. Kuizungusha kidogo kidogo huinua kona hiyo. Mara nyingi loki iliyoonekana mbovu hufunga bila kubadilishwa chochote.

Ikiwa mabawa yamekaa sawa na loki bado inalegea, springi yake imechoka. Pima umbali kati ya matundu mawili ya skrubu na kimo cha ndoano, na uende na ile ya zamani dukani, kwa kuwa vipimo vya loki hizi havina mpangilio mmoja.

Luva

Mkono wa luva hukatika kwa sababu riveti za fito inayounganisha vishikio vya vioo zimekauka, na mtu anasukuma vipande vyote kwa pamoja. Toa vioo kimoja kimoja, visafishe vishikio, tia grisi kidogo kwenye kila riveti, kisha jaribu mkono bila vioo. Ukiwa mwepesi, rudisha vioo. Kishikio kilichovunjika hubadilishwa peke yake ukipata kinacholingana na upana wa kioo, ambao kwa kawaida ni milimita 152, yaani inchi 6.

Mikono ya nyumba za pwani

Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, chumvi ya bahari ndiyo adui asiyechoka, na upepo wa kusi huileta hadi ndani. Chuma tupu kilichopakwa rangi ya kung'aa hakifai, hata kama muuzaji anakisifu. Chuma cha pua (stenlesi) na shaba hudumu zaidi, lakini lipo jambo linalosahaulika: madini mawili tofauti yakigusana mahali penye maji ya chumvi, moja huoza upesi kuliko kawaida. Mkono wa shaba ukikaa moja kwa moja juu ya bawa la chuma, chuma kinachouzunguka ndicho huoza. Skrubu ya chuma cha pua ikiingia kwenye aluminiamu, aluminiamu hutoa unga mweupe kuzunguka nyuzi na skrubu hukwama. Washa ya nailoni chini ya kitako na grisi kwenye nyuzi kabla ya kukaza hupunguza sana tatizo hili, kwa gharama ndogo mno. Kuosha mikono ya madirisha yanayotazama bahari kwa maji yasiyo na chumvi na kuifuta, hata mara moja kwa mwezi, huondoa chumvi kabla haijala rangi.

Kununua na kufunga

Nenda na mkono wa zamani, vipande vyake vyote, na skrubu zake. Andika pia kama ni wa kulia au wa kushoto, ukiwa umesimama ndani unatazama nje. Pima nafasi iliyopo kati ya bawa na nondo au wavu wa mbu wa ndani, kwa sababu mikono mingi mizuri dukani hugonga nondo inapozungushwa nyumbani, na nondo haitasogea. Kama nafasi ya kuingiza bisibisi ni finyu, azima bisibisi fupi ya tumbo nene.

Wakati wa kufunga, ingiza skrubu zote kwa vidole kwanza, kaza nusu, zungusha mkono ukiwa unafunga na kufungua, ndipo ukaze kabisa. Skrubu moja ikikazwa mapema huvuta kitako upande na mkono huonekana mgumu ilhali hauna ubaya. Usitumie drili kukaza, aloi hupasuka.

Ukichagua mkono wenye ufunguo, ufikirie moto pia. Katika chumba cha kulala chenye grili inayofunguka kwa ajili ya dharura, ufunguo utundikwe ndani mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapafahamu na anaweza kupafikia gizani, lakini mbali kiasi kwamba mtu aliyeko nje hawezi kuuvuta kwa waya.